Karani na Majirani wa Gazetini

Kabla ya kula njugu, Karani alisoma kwanza karatasi iliyozifunga. Alizimwaga njugu zote kwenye mfuko wa koti, akaikunjua ile karatasi, akaishika mbali na uso, na midomo ikaanza kucheza. Wateja wangu wengine walikula njugu wakatupa karatasi. Yeye karatasi aliitunza, njugu akazisahau mfukoni, na ndiyo maana koti lake lilikuwa na doa la mafuta upande wa kulia tu.

Jina lake nalijua vizuri, lakini Matisi nzima hakuna aliyelitumia. Alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Bungoma mpaka alipostaafu, na aliendelea kuwa karani hata mahali pasipo na mzigo wala treni. Koti lake la kazi lilikuwa na vifungo vinne, vitatu vya shaba na kimoja cha suruali. Ukimuuliza saa, hakukwambia saa kumi na moja hivi. Alikwambia, "Saa kumi na moja kasoro dakika nne," na alinuna ukicheka. Watu walipozitania treni kwamba siku hizi hazionekani, na zamani zikionekana zilikuwa zimechelewa, alijibu bila kutabasamu: "Treni haichelewangi. Ni nyinyi mnawahi."

Mimi niliuza njugu hapo Matisi, Kitale, mkabala na mashine ya kusaga unga. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati gazeti kuukuu lilikuwa bado ndilo sahani ya kila kitu: nyama, mandazi, njugu, hata sumu ya panya. Njugu nilizitoa Bungoma kila Jumatatu ya pili, na magazeti nayo niliyatoa hukohuko, kwa mama mmoja aliyeyakusanya maofisini na majumbani, akayafunga kwa kamba ya katani na kuyauza kwa kilo. Mafungu mengine yalikuwa ya mwaka juzi. Mengine yalikuwa ya zamani sana, yamegeuka rangi ya chai, na ndani yake mlikuwa na majarida yenye wanaume waliovaa suruali pana miguuni. Mimi nilichotazama ni upana wa karatasi. Karani ndiye aliyenigombeza kwamba ninakata historia kwa kisu cha sukuma wiki.

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya nusu ya habari. Alikuja asubuhi na karatasi aliyofungiwa njugu jana yake, imekatika katikati.

"Mama Njugu, hii imeishia hapa. Majirani walipofika. Walipofika wakafanya nini?"

"Sasa mimi nitajuaje, Karani? Ile nusu ingine si ilienda na mtu wa mashine!"

"Mtu gani?"

"Mwenye alinunua njugu, bana!"

Akaenda kumtafuta. Sikudanganyi. Aliingia ndani ya mashine ya kusaga, akamkuta yule bwana mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi, akamwomba kwa adabu karatasi ya njugu alizokula jana. Yule bwana alitoka nje akanitazama, akazungusha kidole karibu na sikio. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Nilidhani mzee wa watu ameanza kutuacha.

Sababu aliniambia baadaye, na ninaiweka hapa mapema ili usimcheke muda mrefu kama nilivyomcheka mimi. Huko kwake, nje kidogo ya mji wa Bungoma, aliishi miaka mingi ua kwa ua na fundi wa baiskeli. Walikuwa watu wa kuombana chumvi na kiberiti bila kupiga hodi. Kisha, miaka ya tisini, mke wa Karani akafariki. Watu walikuja kutoka Webuye, kutoka Malaba, kutoka huku Kitale, wakakaa kwenye moto wa matanga siku zote. Fundi, ambaye mlango wake ulikuwa hatua thelathini kutoka kwenye jeneza, hakuja. Hakuja kulia, hakuja kuchimba, hakuja kuzika. Karani hakumuuliza. Alimaliza matanga, akamaliza miezi yake michache ya kazi, akafunga nyumba, akaja kupanga vyumba viwili Matisi na kuwaambia watu kwamba amefuata baridi.

Miaka ikapita. Siku moja binamu yake akipitia Kitale akamwambia kwamba amesikia, wala hakumbuki kwa nani, ati wakati ule wa msiba fundi alimwandikia rambirambi gazetini. Binamu akamaliza chai, akaenda zake. Karani akabaki na kazi. Kama fundi aliandika, basi yeye Karani alikuwa amemhukumu mtu bure, na ingebidi arudi Bungoma kuomba radhi. Kama hakuandika, basi alikuwa sawa kukaa Matisi mpaka siku yake ifike. Kwa kuwa hakujua fundi angekuwa ameandika gazeti gani, lini, wala kwa jina gani, alitafuta neno ambalo fundi asingeweza kulikwepa. Alitafuta jirani.

Alikuwa na njia yake ya kazi. Aliweka rula chini ya mstari, akasoma mstari huo mmoja, akashusha rula, kama alivyokuwa akikagua karatasi za mizigo. Akikuta jirani, hakuchukua makasi. Alichukua wembe, akaikata sentensi nzima kwa mistari minne iliyonyooka, akaibandika kwenye daftari kwa uji wa unga wa ngano. Mende wa Matisi waliupenda sana ule uji, kwa hiyo kila jioni alipanga madaftari yake juu ya tofali lililokaa ndani ya sahani yenye maji.

Shida ni kwamba gazeti aliloniazima kulisoma lilirudi kwangu na madirisha, matundu ya wembe wake. Mimi nilikunja, nikajaza, nikampa mteja, na mteja alifika mlangoni kwake na njugu sita. "Mama, hizi njugu zako zinavuja!" Wengine walidhani ni ujanja wangu. Tukakubaliana mimi na Karani kwamba asome kwanza, na kila ukurasa atakaoutoboa abaki nao. Mkataba huo aliuandika kwa kalamu, nakala mbili, akaniwekea sahihi yake na kunitaka niweke yangu. Ninayo mpaka leo.

Lakini ukitafuta kitu kimoja kwa muda mrefu unaweza kukipenda, na ndivyo ilivyomtokea. Mwaka wa pili alikuwa bado hajaipata rambirambi ya fundi, ila alikuwa na madaftari manne, na hakuna mtu Trans-Nzoia nzima aliyelijua neno lile kumshinda. Aliegemea meza yangu akanifundisha, nitake nisitake, huku nikipepeta maganda.

Jirani wa gazeti, alisema, hafiki mapema hata siku moja. Mwizi ameshaondoka na redio, moto umeshakula paa, ndipo majirani wanapofika. Wakishafika wanasema marehemu alikuwa mtu mpole. "Wote walikuwa wapole!" Karani akalalamika, akipiga daftari. "Miaka thelathini ya magazeti, sijapata jirani mmoja amesema marehemu alikuwa na mdomo. Sasa hao wenye mdomo hawakufangi?"

Kwenye kurasa za mahakama jirani alikuwa mtu mwingine kabisa. Huko alikuwa na mbuzi aliyeingia shambani, au panga, au mbuzi na panga. Kwenye matangazo ya majarida ya zamani jirani alikuwa mwanamke anayechungulia juu ya ua, roho inamuuma kwa sababu shuka za mwenzake ni nyeupe. Huyo, Karani alimwita jirani wa sabuni, na alimpenda kidogo, maana angalau alikuwa na macho. Kwenye barua za watu wanaoomba ushauri jirani alikuwa yule anayefungulia redio mpaka mwisho, au anayemchekea mume wa mtu. Halafu kulikuwa na nchi jirani, ambayo ilijaa kila mahali na kuuchosha wembe wake. Hiyo aliiwekea daftari lake peke yake, la kurasa chache, akaliweka chini kabisa. "Hiyo ni mambo ya mawaziri," alisema. "Nchi haiwezi kuja kwako kuomba chumvi."

Kilichomuudhi kuliko vyote ni kile alichokiona alipoyapanga madaftari kwa miaka. Katika zile karatasi za rangi ya chai jirani alikuwa na jina lake, na kazi yake, na jambo alilokuwa akifanya kelele ziliposikika. Alikuwa fulani, mshona viatu, akikama ng'ombe. Kadiri karatasi zilivyozidi kuwa nyeupe, jirani alizidi kupungukiwa. Alianza kupoteza ng'ombe, kisha akapoteza kazi, kisha jina lenyewe. Mwishowe akabaki kuwa majirani tu, kundi la watu wasiotaka kutajwa. Karani alilisema hili kwa uchungu wa kweli. "Mzigo kama huo sisi hatungepokea," aliniambia. "Hauna karatasi. Hujui umetoka wapi wala ni wa nani."

Sasa ungedhani mtu kama huyo ni jirani mzuri. Hapo ndipo Karani alipotushinda. Kuku wa nyumba ya pili alipoingia chumbani kwake akalalia daftari la pili, hakwenda kuongea na mwenye kuku, ambaye walitenganishwa na ukuta wa mbao unaopitisha hata chafya. Alimwandikia barua. Aliipiga tarehe, akaanza na Kwa Mwenye Kuku, akaipitisha chini ya mlango. Ngazi yake hakumwazima mtu. Wapangaji wenzake wa ploti ile hakuwaita kwa majina. Mmoja alikuwa yule wa mlango wa bluu, mwingine yule wa kukohoa. Kwangu alinunua njugu kila siku aliyoijalia Mungu, akanijua kuliko alivyowajua wote, na bado nilikuwa Mama Njugu. Mtu mwenye majirani mia tisa ndani ya daftari hakuwahi kumwita mtu yeyote wa Matisi jirani. Siku moja nilimwambia hivyo kwa utani. Hakucheka. Akasema, "Neno hilo nimeliweka kwanza," akaenda zake bila njugu.

Na bado, nilipougua malaria, ni nani aliyefungua kibanda changu? Alikaa siku tatu kwenye kigoda changu, amefunga vifungo vyote vinne, akakaanga njugu mpaka zikawa nyeusi, akaziuza hivyohivyo. Aliyelalamika aliambiwa kwamba hizo ndizo zilizofika. Niliporudi wateja wangu walinipokea kama mtu aliyefufuka.

Miaka mitatu ya madirisha ilinitosha. Jumatatu moja, nikiwa Bungoma, nilimwachia mama wa magazeti gunia langu la njugu, nikaenda upande wa reli kumtafuta huyo fundi. Hakuna aliyenituma. Umbea ulinituma, pamoja na huruma kidogo.

Sikumkosa. Alikuwa mzee mfupi, mikono myeusi kwa grisi, ameketi chini ya bati karibu na pale barabara inapokatiza reli, baiskeli mbili zimepinduliwa mbele yake magurudumu juu. Alikuwa anasoma gazeti la siku hiyo, ukurasa wa tanzia.

"Mulembe, mzee."

"Mulembe, mama. Baiskeli iko wapi?"

"Sina baiskeli. Nimetoka Kitale, Matisi. Nakaa karibu na Karani wa stesheni."

Gazeti likashuka mpaka magotini. "Bado ako?"

"Ako. Ananunuanga njugu kwangu."

"Basi ndio sababu sijamuona hapa," akasema, akigonga zile picha za marehemu kwa kidole cheusi.

Nikaketi bila kukaribishwa. Nikamuuliza moja kwa moja: ule wakati Karani alipofiwa na mke, alimwandikia pole kwenye gazeti?

"Mimi? Mimi niandike gazeti? Kuandika ilikuwa kazi yake. Yangu ni spana."

"Na mbona hukuenda, mzee? Watu hata wa Malaba walifika."

Akazungusha gurudumu lililokuwa juu, akaliangalia mpaka liliposimama. Kisha akasema yote mara moja, kana kwamba alikuwa ameyapanga tangu siku ile.

"Nani aliniambia? Nilisikia kilio kama watu wote. Nikaoga. Nikavaa koti. Bibi yangu akafunga kuku na kuni ya kupeleka. Nikakaa kwa kiti nikingoja mtu akuje asimame kwa mlango aseme, tumepoteza mama. Si ndio desturi? Jirani ndio anaambiwa wa kwanza, hata kabla ya ndugu. Alituma mtu Webuye, alituma mtu Malaba, na huyo wa Webuye alienda na baiskeli yenye mimi mwenyewe nilitengeneza breki! Hapa kwangu hakuna mtu. Nilikaa na hiyo koti siku mbili. Siku ya tatu nikaona tangazo kwa gazeti. Ameandika watu wote. Mashemeji, watu wa kanisa, watu wa stesheni mpaka mwenye kufagia. Mimi hakuna. Nikavua koti."

Yeye akaliinua tena lile gazeti.

"Sasa kila siku nasoma hii kurasa. Nikiona picha yake hapa, hiyo siku naenda. Siwezi ngoja kuambiwa tena."

Jioni ile nilimkuta Karani amenisubiri kibandani, anataka mafungu yake. Nikamwambia mahali nilikokuwa. Akashika meza.

"Hakuandika," nikasema.

"Nilijua!" Akaruka, kweli akaruka, mzee yule, koti likapiga kelele za njugu. "Nilijua huyo mtu! Hakuandika hata laini moja!"

"Karani, kaa chini. Sijamaliza."

Nikamwambia habari za koti, kuku, kuni, na kiti. Nikamwambia habari za tangazo. Mwanzoni alikuwa anatikisa kichwa kukataa, kisha kichwa kikaacha. Akaingia kwake, akarudi na Biblia. Ndani yake, limekunjwa mara nne, lilikuwemo lile tangazo la kifo cha mkewe alilolikata siku ile miaka ya tisini. Akalitandaza juu ya meza yangu kati ya maganda. Akatoa rula.

Nilisimama pembeni nikimwangalia. Rula ilianza kwenye jina la marehemu, ikashuka kwa watoto, ikapita mashemeji, ikapita kanisa, ikapita stesheni, ikafika chini. Akairudisha juu akaanza tena. Mtu aliyelisaka neno lile kwenye magazeti ya nchi nzima alikuwa hajawahi kulitafuta hapo.

"Haiko," akasema. "Hii niliandika mimi mwenyewe, na mkono yangu. Haiko."

"Ulisahau, Karani. Ulikuwa kwa msiba."

"Sikusahau. Nilidhani hiyo si ya kuandika. Mtu unamuona kwa dirisha, unamtumia barua ya nini? Nilijua yeye atakuja tu. Yeye ako hapo tu." Machozi yalimshuka mbele ya wateja wangu wawili na hakuyafuta. Mimi niliona aibu kwa kila siku niliyomcheka, hasa ile ya kutikisa kichwa mbele ya mtu wa mashine.

Kisha akalikunja tangazo, akafunga kifungo kimoja baada ya kingine. "Mama Njugu," akasema, "gari ya kwanza ya Bungoma inatoka saa ngapi?" Katika miaka yote hiyo ndiyo mara pekee aliyoniuliza mimi saa.

Asubuhi nilikuta mafungu yake yote ya magazeti mlangoni kwa kibanda, yamefungwa kwa kamba, na kikaratasi juu yake kilichosema kwamba haya ni mazima, hayana dirisha hata moja. Ngazi alimwachia yule wa mlango wa bluu.

Njugu nilianza kuletewa hukuhuku Kitale, kwa hiyo nilimwona mara moja tu tena, kuelekea mwisho wa miaka ile ya elfu mbili. Pikipiki zilikuwa zimejaa Bungoma, na nilipofika pale kwenye reli nilikuta fundi naye amezihamia: baiskeli ilikuwa moja tu, pikipiki tatu, na viti viwili chini ya bati. Kimoja kilikuwa cha Karani. Alikuwa akisoma gazeti kwa sauti, fundi akimpinga huku ameshika mnyororo. Karani alikuwa amezeeka, miguu imevimba, lakini koti ni lilelile, ila kile kifungo cha suruali hakikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na wosha ya baiskeli, kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya nati, imesuguliwa ikang'aa, imeshonwa kwa waya mwembamba.

Niliwapa njugu nilizowabebea. Akazigawa katikati, nusu kwenye kiganja chake, nusu kwenye kile kiganja cheusi cha mwenzake, wakaanza kutafuna. Karatasi aliiacha kwenye kiti bila kuitazama. Fundi akaichukua akapangusia grisi, na mimi nikaangalia habari za nchi nzima zikigeuka nyeusi na hakuna aliyelalamika.

Kulikuwa na mteja mmoja, mwalimu wa kike, anasubiri pikipiki yake. Akaniangalia, kisha akamuuliza Karani, "Mzee, na huyu mama ni nani?"

Nilijua jibu. Nilianza hata kucheka kabla hajalisema.

Karani akatafuna, akameza, akafunga koti mpaka kwenye wosha. Akasema jina langu la ubatizo na la ukoo, yote mawili, ambayo sikujua kama aliyajua. Akasema ninauza njugu Matisi, mkabala na mashine ya kusaga unga, mkono wa kushoto ukitoka mjini.

"Ni jirani yangu," akasema.